Misuli, mafuta na msumeno: Jimu inapogeuka filamu ya kutisha

ADAMA Traoré alipokuwa Wolves, alikuwa anapakwa mafuta mikononi kabla ya mechi. Kila akiwachomoka mabeki walimdaka mkono, bega likawa linamsumbua, benchi la ufundi likaona dawa ni kumfanya ateleze kama kambale. Ukiutazama mwili ule unaapa kwamba jamaa analala jimu. Mwenyewe amewahi kusema hanyanyui vyuma.

Kuna mchezo mwingine ambao watu wanapakwa mafuta kabla ya kuingia kazini, ila huko hakuna beki wa kumkimbia. Mafuta ni kwa ajili ya jaji, aone kila mshipa. Huo ni mchezo wa kutunisha misuli, na watunzi wa hadithi za kutisha wanaupenda kinoma, hasa wale wanaokuchekesha sekunde moja na inayofuata umeziba uso kwa mto wa kochi.

Sababu ipo. Kwenye soka, mwili ni chombo tu cha kazi. Ronaldo de Lima alirudi kwao Brazil mwaka 2009 kucheza Corinthians akiwa na kitambi, akatupia mabao na yakahesabiwa kama ya mwembamba yeyote, na makombe yakabebwa. Mtunisha misuli hana bao la kumwokoa. Anasimama jukwaani na kichupi, mwili wake ndiyo mpira, ndiyo goli, ndiyo matokeo. Akikosa, amekosa mwili mzima. Mtu wa namna hiyo ukimweka kwenye hadithi, huhitaji kuleta jini wala popobawa.

ANATAPIKA MTU JUKWAANI

Chukua filamu ya Love Lies Bleeding iliyotoka mwaka 2024, kazi ya mwongozaji wa Uingereza, Rose Glass. Mambo yanatokea New Mexico, Marekani, mwaka 1989. Lou, anayeigizwa na Kristen Stewart, ni meneja wa jimu moja chakavu, na tunapoanza kumwona, anahangaika kuzibua choo. Hapo anaingia Jackie, msichana mwenye mabega ya beki wa kati, anayepita mjini akielekea kwenye shindano Las Vegas. Wanapendana. Lou anamletea zawadi ya mapenzi: sindano za steroidi.

Kuanzia hapo misuli inaanza kuwa na sauti. Inakakamaa na kulia kama kamba ya meli inayovutwa. Jackie anakuwa na hasira zisizo na breki, na siku shemeji yake Lou alipompiga mkewe hadi akalazwa, Jackie alimfuata nyumbani, akamgongesha kichwa kwenye meza hadi taya likabaki linaning'inia. Sinema nzima watu wanashika midomo yao.

Halafu kichekesho. Jackie anafika Las Vegas, anapanda jukwaani kajipaka rangi na kujichora tabasamu la mashindano, na ghafla mbele ya majaji anajiona anamtapika Lou. Mzima mzima, kuanzia kichwa. Wengine pembeni yake wanaendelea kukaza misuli na kutabasamu. Aliyeigiza nafasi hiyo, Katy O'Brian, amewahi kushindana kwenye mchezo huo mwenyewe, ndiyo maana pozi zake hazionekani za kuigiza.

Unaweza kusema huo ni uongo wa sinema. Basi sogea Miami.

MSUMENO WARUDISHWA DUKANI

Mwaka 1994 kundi la watu wa jimu, kinara wao akiwa Daniel Lugo, liliamua kwamba mtu aliyefanya mazoezi kwa bidii namna ile anastahili kuwa tajiri. Wakamlenga mfanyabiashara mmoja. Walimkosa mara kadhaa kabla ya kumnasa, maana mabaunsa hawa kwenye benchi la vyuma walikuwa balaa, lakini kwenye kupanga tukio walikuwa kama timu ya mtaani inayosahau kuleta kipa.

Walimficha karibu mwezi mzima wakimtesa hadi akasaini mali zake. Kisha wakamlewesha, wakaligongesha gari lake kwenye nguzo, wakalichoma moto. Akatoka. Wakamkanyaga na gari lao, wakarudia. Hakufa. Alipokwenda kueleza, polisi wakaona hadithi yake haiaminiki.

Mwaka uliofuata waliua kweli, mtu na mpenzi wake. Walipotaka kuipoteza miili wakanunua msumeno wa injini. Ukagoma. Wakaurudisha dukani kubadilishiwa, kama mtu aliyeuziwa pasi mbovu. Lugo na mwenzake Adrian Doorbal walihukumiwa kifo mwaka 1998.

Michael Bay aliitengenezea filamu mwaka 2013, Pain & Gain, Mark Wahlberg akiwa Lugo. Kuna mahali Dwayne Johnson, yule The Rock, anachoma mikono ya marehemu kwenye jiko la nyama choma, na maandishi yanatokea kwenye skrini kuwakumbusha watazamaji kwamba hiki bado ni kisa cha kweli. Watu wanacheka. Wawili walikufa kikwelikweli, na hapo ndipo kicheko kinapokwama kooni. Bay alilaumiwa kwa hilo, na lawama hizo hazikuwa za kuonea.

SIKU YA KUNG'AA NDIYO SIKU YA HATARI

Lakini kitisho kikubwa cha mchezo huu hakihitaji muuaji. Wiki ya shindano mchezaji anayakausha maji mwilini ili ngozi ishikamane na misuli, na baadhi humeza dawa za kukojosha ili kuharakisha. Maji yakitoka hovyo, madini kama potasiamu yanayoongoza mapigo ya moyo yanavurugika. Kwa hiyo saa ile anayoonekana kama sanamu la chuma mbele ya mashabiki, ndani anaweza kuwa hoi kuliko mgonjwa wa wodini.

Mohammed Benaziza alishinda mashindano ya Uholanzi Oktoba 1992. Hakuiona asubuhi ya ubingwa wake.

Andreas Münzer wa Austria alikuwa anamhusudu Arnold Schwarzenegger, na Machi 1996 alishika nafasi ya sita kwenye shindano lenye jina la Arnold mwenyewe huko Ohio. Alisifika kwa mwili usio na mafuta kabisa, ngozi kama karatasi. Siku 12 baadaye alifariki hospitalini Munich, akiwa na miaka 31. Tumbo lilikuwa linavuja damu, viungo vikazima kimoja baada ya kingine, na madaktari walipompasua wakakuta ini limejaa uvimbe. Mtunzi wa hadithi angeambiwa na mhariri wake apunguze chumvi.

Halafu kuna Ronnie Coleman. Askari polisi wa Texas, Mr. Olympia mara nane mfululizo kuanzia 1998 hadi 2005, mbabe ambaye video zake bado zinachezwa kwenye majimu hadi huku kwetu. Leo mgongo na nyonga zimepasuliwa mara nyingi na vyuma vimewekwa ndani, anatembea kwa magongo na wakati mwingine anakaa kwenye kiti cha magurudumu.

Amewahi kuulizwa kama anajutia chochote. Akajibu kipo kimoja: siku ile alipochuchumaa na kuinuka mara mbili akiwa na chuma cha kilo 363 mabegani, alikuwa na nguvu za kufikisha mara nne, na hakufikisha.