Wanaojitolea Parokiani Nao Wana Nyumba

Ukiwa mwalimu, na uwe Mkatoliki, na ujulikane kuwa na hati nzuri, usitarajie kustarehe siku ya Jumamosi. Siku ya kuwachagua viongozi wa parokia utalisikia jina lako likitajwa kabla hujaketi: "Mwalimu atatuandikia kumbukumbu." Hivyo ndivyo mimi na mke wangu tulivyokabidhiwa utume wa familia katika parokia yetu kwa muda wa miaka 3. Tukakaa 11.

Kazi yenyewe ni adhimu, wala sisemi haya kwa kuibeza. Mwaka 1976 maaskofu wa Afrika Mashariki walipokutana Nairobi walikata shauri kuzijenga jumuiya ndogondogo za Kikristo, yaani majirani wanaosali pamoja na kusaidiana. Papa Yohane Paulo II, katika waraka wake wa 1981 kuhusu familia, akawahimiza wanandoa vijana waupokee msaada wa wale waliotangulia; naye Papa Fransisko akalirudia jambo hilo mwaka 2016. Maneno hayo ni mazuri mno. Lakini aghalabu hatuulizi ni nani atakayeubeba mzigo huo, wala kwa nauli ya nani.

Kwetu sisi ilikuwa hivi. Jumamosi tuliwafundisha wachumba, na kila Jumatano usiku tulikwenda nyumba za watu kusuluhisha ugomvi wa mume na mke. Chai ya wachumba ilitoka mfukoni mwetu. Paroko aliyetuomba kuishika kazi hiyo alihamishwa, akaja mwingine, naye akatukuta tu kama mtu akutavyo viti ukumbini. Usiku mmoja tulirejea saa nne tumechoka, huku tukijipongeza kwa kuwapatanisha watu wawili waliokuwa hawasemezani tangu Krismasi. Tulimkuta binti yetu amelala kifudifudi juu ya meza, kando ya ripoti yake ya shule iliyongoja sahihi ya mzazi kwa majuma 3. Mimi, mwalimu, ambaye huwagombeza wazazi wengine kwa kosa lilo hilo! Mke wangu hakusema neno. Aliweka kalamu mbele yangu, akaenda kulala.

Tulijiuzulu mwezi huo, na utume mzima ukasambaratika. Daftari la wachumba lilikuwa kabatini mwetu, ratiba ya mafundisho ilikuwa kichwani mwangu, na hapakuwa na mtu aliyewahi kusimama mbele ya darasa lile ila sisi. Wachumba kadhaa waliahirisha harusi. Wako waliosema kuwa tumelitupa Kanisa. Nami nililaumu baraza la parokia kwa muda mrefu, mpaka nilipokiri kwamba tulipenda kuitwa wazee wa ndoa. Sifa ile ilitulevya, na mlevi hamwachii mwenziwe kikombe.

Kwa hiyo sioni kuwa dawa ni kuwahubiria watu wajitoe zaidi. Punda afe mzigo wa bwana ufike haifai kuwa kanuni ya parokia. Muda wa uongozi ukisemwa kuwa miaka 3, na uwe 3. Tena wanandoa wanaoongoza wawachukue wengine vijana tangu mwaka wa kwanza, wawaachie kufundisha na hata kukosea, ilhali wao wangali wameketi nyuma ya darasa. Daftari likae ofisini. Kuhusu fedha sitasema mengi: parokia inayoweza kufanya harambee ya kununua kinanda haishindwi na sukari.

Nanyi wanafunzi msidhani haya ni ya wazee pekee. Nimeshuhudia chama cha wanafunzi Wakatoliki kikilala muhula mzima kwa sababu katibu wake alimaliza mtihani wa mwisho, akaondoka na ufunguo wa kabati.

Miaka 2 baada ya kujiuzulu kwetu, wanandoa wawili vijana, walimu pia (maskini!), walikuja kulichukua daftari lile. Nilikuwa nimejiandaa kuwaeleza mpangilio wa mafundisho. Mke wangu akanitangulia, akawauliza kwanza watoto wao wana umri gani, na Jumatano usiku watakuwa wakibaki na nani.