Hiari, Umri na Daftari katika Ndoa

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1962 unaidai nchi iliyouridhia mambo matatu: hiari kamili ya wanaooana, umri wa chini uliowekwa na sheria, na kuandikisha kila ndoa. Kwa nini yote matatu? Kwa sababu mtoto hana hiari ya kweli, na pasipo daftari hakuna wa kukagua umri.

Tuitazame Shinyanga. Utafiti wa mwaka 2010 ulionyesha kuwa wanawake 59 katika kila 100 wenye miaka 20 hadi 24 waliolewa kabla ya kutimiza 18. Tusiseme ni mila tu. Mzizi ni uchumi: kwa mfugaji maskini, ng'ombe wa mahari ni mtaji, na binti hugeuzwa njia ya kuupata.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilidai hiari, lakini ikaruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15, mvulana 18. Mahakama Kuu mwaka 2016, kisha Mahakama ya Rufani mwaka 2019, zilitamka kuwa hilo linakiuka Katiba. Serikali ilipewa mwaka mmoja kurekebisha. Mwaka ukapita bila marekebisho.

Basi makada wa Shinyanga na Geita tusingoje hukumu nyingine. Umri wa binti ujulikane shinani kabla ng'ombe hawajahesabiwa.