Tarehe kwenye meseji ya malipo hutoka wapi? Soma kabla hujagombana na mwenye ploti

Tuseme unakaa Tuwan, Kitale, na kodi ya nyumba inafaa kulipwa kufikia tarehe 5. Matatu ya kutoka Bungoma imechelewa, na unakumbuka kodi ukiwa tayari kitandani. Unatuma pesa saa tano na dakika 58 usiku. Simu ya mama mwenye ploti imezima. Anaiwasha saa kumi na mbili asubuhi, meseji inaingia, na juu yake simu inaandika tarehe 6. "Umechelewa, leta faini," anasema.

Nani yuko sawa? Ni wewe, na ushahidi uko ndani ya meseji yenyewe.

Meseji moja, saa mbili

Saa iliyo juu au pembeni ya meseji huwekwa na simu, na mara nyingi ni wakati meseji ilipoingia. Ile iliyo ndani ya maandishi, karibu na kiasi cha pesa na nambari ya muamala, hutoka kwenye seva zetu, yaani kompyuta kuu, pale malipo yanapokamilika. Hiyo ndiyo ya kuangalia. Hata ukirudisha saa ya simu yako wiki moja nyuma, haibadiliki.

Seva inajuaje saa?

Malipo yakikamilika, programu huiuliza seva: sasa ni saa ngapi? Jibu huja kama nambari ndefu: sekunde zilizopita tangu saa sita usiku kuamkia tarehe 1 Januari 1970, kwa saa za UTC ambazo dunia nzima hupimia. Kwa mfano, saa tano na dakika 58 usiku ya tarehe 5 Machi 2025 hapa Kenya ni 1741208280. Uwe Kitale au London, kwa wakati huo nambari ni hiyo hiyo moja.

Lakini mama mwenye ploti hawezi kusoma nambari kama hiyo, kwa hivyo programu huipanga iwe tarehe. Kwanza huongeza saa tatu, kwa sababu Kenya iko saa tatu mbele ya UTC mwaka mzima. Mwandishi wa programu akisahau hapo, malipo ya saa saba na nusu usiku wa kuamkia tarehe 6 yataandikwa 10:30 PM, tarehe 5. Aliyechelewa kweli ataonekana amelipa mapema!

Kisha huchagua mpangilio. Katika lugha ya programu kama Java, anaandika dd/MM/yyyy. M kubwa ni mwezi, m ndogo ni dakika. Akizichanganya, tarehe yako itatoka 05/58/2025, na mwezi wa 58 haupo.

Isome hivi

- Siku hutangulia. 5/3/2025 kwetu ni tarehe 5 mwezi wa tatu. Wamarekani huanza na mwezi, kwa hivyo kwao hiyo ni tarehe 3 Mei. Ukitumia programu ya kutoka huko, angalia mara mbili.
- Chunga saa sita usiku. 11:58 PM bado ni leo. 12:05 AM ni saa sita na dakika tano usiku, na tarehe imeshabadilika.
- Taja saa kama ilivyoandikwa. Ukisema "nilituma saa tatu", mmoja ataelewa 9:00 na mwingine 3:00.

Na wewe unayepokea?

Mtu yeyote anaweza kuandika SMS na kuweka tarehe anayotaka. Kabla hujatoa mzigo au risiti, angalia salio lako kwanza. Mkibishana, tupeni nambari ya muamala. Hata meseji ikifutwa, rekodi yetu ina tarehe na saa ya malipo.

Kwa hivyo mama akisema umechelewa, usipandishe sauti. Fungua meseji, mwonyeshe mstari wa ndani, umwambie: "Mama, soma hapa. 11:58 PM, tarehe 5." Mwezi ujao, lipa mapema kidogo ulale bila wasiwasi.