Fahamu: Jinsi asali ya Katavi inavyowabana bakteria

Asali inayorinwa kwenye misitu ya miombo ya Inyonga, wilayani Mlele, hukaa muda mrefu bila kuharibika. Siri yake ni nini?

Uhaba wa maji. Asali iliyokomaa huwa na maji chini ya asilimia 20 hivi, nayo yameshikwa na sukari. Bakteria akiingia humo hufyonzwa maji yake mwenyewe, kama nyama iliyotiwa chumvi.

Tindikali. pH ya asali kwa kawaida ni kati ya 3.2 na 4.5. Bakteria wengi wanaoshambulia vidonda hustawi karibu na 7.

Kimeng'enya cha nyuki. Asali ikichanganyika na majimaji, kimeng'enya kiitwacho glukosi oksidesi huzalisha haidrojeni peroksaidi kidogo kidogo, inayoharibu protini na DNA za bakteria. Joto kali hukiua kimeng'enya hicho, hivyo asali iliyochemshwa hupungukiwa nguvu.

Je, ni sawa na antibiotiki? Hapana. Antibiotiki hulenga sehemu mahususi: penisilini huvuruga ujenzi wa ukuta wa bakteria, tetrasaiklini huzuia utengenezaji wa protini. Asali haichukui nafasi ya dozi uliyoandikiwa.

Tahadhari. Mbegu za bakteria wa botulizimu huweza kuishi ndani ya asali, kwa hiyo mtoto chini ya mwaka 1 asilambishwe. Asali ya kutibia vidonda hospitalini hutakaswa kwa mionzi ya gama. Ya sokoni haijatakaswa. Kidonda kirefu au chenye usaha kipeleke kituo cha afya.