Nani Alimuua Luanda Magere?

Ukitaja jina la Luanda Magere pale Kianda, upande wa magharibi wa Kibera, hukosi mtu wa kukumalizia hadithi. Si lazima awe Mjaluo. Mtaani humo wamo Wajaluo, Waluhya, Wakikuyu, Wakamba, Wakisii na wengineo, na hadithi za jamii moja huvuka ukuta wa mabati zikaingia kwa jirani bila kubisha hodi. Utasimuliwa shujaa wa Kano aliyekuwa na mwili mgumu kama jiwe, msichana wa Kilang'o aliyeozwa kwake, siri ya kivuli, kisha kifo. Halafu msimulizi, hasa akiwa mwanamume, atafunga kwa usia: ndiyo maana mwanamke haambiwi siri.

Usia huo ndio ninaotaka kuuchunguza. Katika fasihi simulizi tunatenganisha vitu viwili ambavyo msikilizaji huvimeza kwa pamoja: matukio ya hadithi, na funzo linalobandikwa mwishoni. Matukio hudumu vizazi na vizazi. Funzo huwekwa na anayesimulia, siku anayosimulia, kwa kuwatazama watu walioketi mbele yake. Wanawake wengi tunaowajua kuwa waovu wa hadithi, za kwetu na za kwingineko, uovu wao umekaa kwenye funzo kuliko kwenye matukio.

Msaliti wa nani?

Tuyarudie matukio. Wajaluo wa Kano walikuwa wakipigana na majirani zao wa milimani, ambao wao huwaita Walang'o, na kila mara Luanda aliibuka mshindi. Mikuki ilimgonga ikaanguka. Wazee wa Kilang'o walipoona silaha hazifui dafu, walimtoa binti yao mrembo awe mke wa Luanda. Kwa jina ilikuwa amani, kwa siri ilikuwa ujasusi. Katika masimulizi mengi wazee wa Kano wanamkanya Luanda asimwoe. Katika mengine anayemkanya ni mikayi, mke wake wa kwanza. Hakusikia la mtu.

Siku moja Luanda aliugua, akamwomba mke mdogo amchanje apate kumpaka dawa. Wembe ulikataa mwilini. Akamwelekeza akichanje kivuli chake, na damu ikatoka. Usiku ule mke alitoroka, akawafikishia watu wake habari. Katika vita vilivyofuata mkuki ulichoma kivuli, Luanda akaanguka na kugeuka jiwe, lile ambalo inasemekana wawindaji wa Kano walinolea mikuki yao ili wasirudi mikono mitupu.

Sasa tuulize: huyu binti alimsaliti nani? Alikuwa na kwao, na wanaume wa kwao ndio waliokuwa wakiuawa na Luanda. Aliyepanga njama si yeye, ni baraza la wazee. Kwa watu wake alikuwa mpelelezi aliyeingia peke yake katika boma la adui, akapata yalichokikosa majeshi, akatoka hai. Hata hivyo, katika masimulizi mengi hana hata jina. Na mikayi, mwanamke aliyeona mbali kuliko mumewe, hakumbukwi na mtu. Hadithi hiyohiyo ingeweza kufungwa kwa usia mwingine kabisa: msikilize mkeo wa kwanza.

Wakristo wa Kianda wana mfano ulio karibu zaidi, maana uko kwenye kitabu kimoja cha Biblia. Katika Waamuzi sura ya 16, wakuu wa Wafilisti wanamwahidi Delila vipande 1,100 vya fedha kila mmoja ili aipeleleze siri ya nguvu za Samsoni. Andiko linasema Samsoni alimpenda. Halisemi popote kwamba Delila alimpenda yeye. Katika sura ya 4 ya kitabu hichohicho, Yaeli anamkaribisha hemani jemadari Sisera, anamnywesha maziwa, anamfunika alale, kisha anampigilia kigingi cha hema kichwani. Mmoja alimhadaa mwanamume akanyolewa nywele, mwingine alimhadaa mwanamume akamuua. Delila amekuwa jina la tusi, Yaeli akaimbiwa wimbo wa sifa katika sura ya 5. Kinachowatofautisha ni upande uliobaki na kalamu.

Shahidi wangu wa tatu anatoka pwani. Shujaa Fumo Liyongo naye hakupenywa na silaha, isipokuwa sindano ya shaba kitovuni. Aliyeifichua siri hiyo, na aliyemchoma nayo baba yake usingizini kwa ahadi za mfalme wa Pate, alikuwa mwanawe wa kiume. Wanawake wa hadithi hiyo wako upande wa shujaa: mama yake ndiye aliyeficha tupa ndani ya mkate, na kijakazi Saada akaufikisha gerezani, Liyongo akakata minyororo. Watu wa Lamu, Pate na Ozi wameisimulia hadithi hii kwa karne nyingi, na Muhamadi Kijumwa akaiandika kwa utenzi mwaka 1913. Sijasikia mtu aliyeifunga kwa kusema, ndiyo maana usimwamini mtoto wa kiume. Mwana wa Liyongo alikosea yeye kama yeye. Mke wa Luanda alikosea kwa niaba ya wanawake wote.

Kosa la bibi harusi

Aina ya pili ya mwanamke mwovu, baada ya msaliti, ni yule aliyeuharibu ulimwengu ulipokuwa bado mzuri. Wagiriki walikuwa na Pandora, ambaye kwa mujibu wa mshairi Hesiodo aliwaletea wanadamu maradhi na kazi ngumu. Wajaluo wana bibi harusi na jembe. Zamani, yasema hadithi, mkulima aliligusisha jembe ardhini mara moja tu, akarudi nyumbani, nalo likalima lenyewe mchana kutwa. Akaja mwali mgeni, akalishika mpini, akaanza kulima kwa mikono yake. Jembe likakasirika. Tangu siku hiyo binadamu hula kwa jasho.

Ukilitazama vizuri shtaka hili, linachekesha. Bibi harusi anashtakiwa kwa bidii. Mwali aliyeingia boma la watu hupimwa na mama mkwe kwa kuamka kwake, kwa mtungi wake, kwa shamba lake. Angeketi akiliangalia jembe likilima, angeitwa mvivu. Alipolima, akaitwa mharibifu. Mwandishi Grace Ogot aliiona nafasi hiyo. Katika riwaya yake ya Kijaluo, Miaha, iliyotoka mwaka 1983, alimpa bibi harusi huyo jina, Nyawir, akampa pia akili na nia, hata msomaji akaweza kujiuliza kama aliyeanzisha kazi alileta laana au alileta maarifa. Ogot hakulifuta tukio hata moja la msingi. Alilihamisha jicho, akalipeleka ndani ya kichwa cha mshtakiwa.

Wanawake walipotawala

Aina ya tatu ni mwanamke mwenye madaraka. Jomo Kenyatta, katika kitabu chake cha mwaka 1938 kuhusu Wakikuyu, anaieleza hadithi ya koo zilizotokana na mabinti wa Gikuyu na Mumbi. Wanawake walitawala, wakaolewa na waume wengi, wakawa wakali. Wanaume wakala njama: wakawapa mimba wote wakati mmoja, na wakati wanawake wamelemewa na matumbo, wakawapindua.

Huko Tierra del Fuego, ncha ya kusini kabisa ya Amerika, Waselk'nam walisimulia hadithi ya ukoo huohuo ingawa hawajawahi kuonana na Mkikuyu: wanawake walitawala kwa kuvaa vinyago vya mizimu na kuwatisha wanaume, hadi wanaume walipogundua hila, wakawaua na kuvitwaa vinyago. Mwaka 1974 mwanaanthropolojia Joan Bamberger alizilinganisha hadithi za namna hii za Amerika Kusini, akafikia hoja ambayo wanafunzi wetu bado wanaijadili. Alisema hadithi hizi hazituthibitishii kwamba wanawake waliwahi kutawala. Kazi ya hadithi hizo ni kueleza kwa nini wasitawale leo: walipewa nafasi, wakaiharibu.

Ukiwa na hoja hiyo mkononi, msikilize tena Wangu wa Makeri. Huyu ni mtu wa historia, aliyekuwa kiongozi wa Weithaga, Murang'a, mwanzoni mwa karne ya 20, chini ya chifu Karuri wa Gakure. Wanalolikumbuka wengi ni kwamba aliwakalia wanaume migongoni kama viti, na kwamba vazi lilimdondoka katika ngoma akaachia madaraka kwa aibu. Hadithi ya Wangu imechukua umbo la hadithi ya mabinti wa Mumbi: mwanamke ametawala, amekuwa mkali, ameangushwa kupitia mwili wake. Machifu wanaume wa wakati huo nao waliukusanyia utawala wa Waingereza kodi ya nyumba, na wapo waliokuwa wakali. Wao hupimwa kwa kodi. Yeye hupimwa kwa vazi.

Hapa panahitaji uangalifu. Kumsoma mwanamke mwovu upya si kumpaka mafuta awe malaika. Wangu aliitumikia serikali ya kikoloni, na aliyenyanyaswa na kodi yake alikuwa na haki ya kumchukia. Tunachodai ni mizani moja kwa wote.

Mwaka 2018 jijini Nairobi, onyesho la Brazen lililoandikwa na wanawake watatu liliwarudisha jukwaani Wangu na Mekatilili wa Menza, aliyewaongoza Wagiriama dhidi ya wakoloni, na pamoja nao mwanamke asiye na jina aliyemwangusha Luanda Magere. Kumweka huyo wa mwisho kwenye safu moja na watu wa historia ni kudai kwamba naye ana upande wake wa kesi.

Mama wa kambo na kalamu ya mhariri

Wakati mwingine tunaweza kumwona mwovu akitengenezwa. Katika toleo la kwanza la hadithi za ndugu Grimm huko Ujerumani, mwaka 1812, anayetaka Snow White auawe ni mama yake mzazi. Katika toleo la 1819 ndugu hao walimbadilisha akawa mama wa kambo. Mama mzazi alipaswa kubaki mtakatifu, kwa hiyo uovu ukahamishiwa kwa mke wa pili.

Ngano zetu nazo hazimwonei huruma mke mwenza wala mama wa kambo, na sababu yake iko wazi. Katika boma la wake wengi, ng'ombe na ardhi viligawanywa kwa nyumba, na mtoto wa nyumba nyingine alikuwa mpinzani wa mtoto wako. Ngano ilionya juu ya hatari ya kweli. Lakini Kianda ya leo hakuna ng'ombe wa kugawana. Kuna mamia ya wanawake wanaolea watoto wa dada aliyefariki, wa mume aliyeoa upya, wa jirani aliyerudi ushago. Ngano iliyotungwa kwa ajili ya boma la urithi, ikisimuliwa vilevile ndani ya chumba kimoja, humfundisha mtoto kumshuku anayempikia uji.

Mila yenyewe ina jawabu. Wajaluo hao waliotupa msaliti wa Luanda ndio waliotupa Nyamgondho, mvuvi maskini aliyemnasa mwanamke wavuni, akatajirika kwa ng'ombe aliokuja nao, kisha akamtukana akiwa amelewa. Mwanamke aliingia tena ziwani na mifugo yote ikamfuata. Hakuna anayemlaumu. Kule Kendu Bay, ziwa la Simbi linasemekana lilikuwa kijiji kilichogharikishwa kwa sababu walevi walimfukuza bibi kizee aliyeomba hifadhi usiku. Hapo tena, hadithi iko upande wake.

Gharama ya funzo baya

Msomaji anaweza kuuliza kwa nini tujisumbue na ngano. Jibu liko Kisii. Mei 2008 watu 11, wanawake 8 na wanaume 3, waliteketezwa na umati ulioamini ni wachawi. Oktoba 2021, huko Marani, wanawake wazee wanne waliuawa kwa tuhuma hiyohiyo. Umati hauitungi picha ya bibi kizee mchawi siku ya mauaji. Unaikuta tayari, imenolewa kwa miaka. Hata wakoloni waliitumia: Mekatilili alipowaongoza Wagiriama dhidi ya kodi na kazi za kulazimishwa mwaka 1913, maofisa wa Kiingereza walimwita mchawi, na neno hilo likawaondolea kazi ya kujibu hoja zake.

Kwa nyanya, mzazi au mwalimu anayesimulia Kianda, ushauri wangu ni mdogo. Usiikate hadithi wala usiilainishe. Mwache Luanda afe, mwache kivuli kitoke damu. Ila usia wa mwisho uuache, uweke maswali mahali pake. Nani alimtuma binti huyu? Yeye mwenyewe aliulizwa? Nani alifaidika? Nani alionya akapuuzwa? Angekuwa mtoto wa kiume, tungesema nini? Watoto wa mtaa wenye jamii nyingi wana bahati, maana darasani mmoja atakuwa na kwao Kano na mwingine ng'ambo ya mpaka ule wa zamani, na hadithi itajadiliwa kutoka pande zote mbili.

Anayetaka kumlaumu mke wa Luanda bado ana ruhusa ya kumlaumu. Awalaumu pia wazee waliomtoa, na Luanda aliyekanywa akaziba masikio. Lawama ikigawanywa hivyo, mwanamke atabaki na fungu lake halali, na mtoto atakuwa amejifunza kupima ushahidi kabla ya kuhukumu.