Foleni ya China Square

Mwishoni mwa Januari 2023, mwezi ambao Wakenya huuita Njaanuari kwa jinsi karo na madeni ya Krismasi yanavyokomba mifuko, duka la China Square lilifunguliwa katika jengo la Unicity, kwenye ardhi ya Chuo Kikuu cha Kenyatta jijini Nairobi. Watu walifurika. Beseni, sufuria, taa, ndara za bafuni: kila kitu kilibandikwa bei, na bei yenyewe ilikuwa chini kuliko ya mjini.

Kelele hazikuchelewa. Moses Kuria, waziri wa biashara wakati huo, alisema Wachina wanakaribishwa wakija kujenga viwanda, si kuchuuza. Akajitolea kununua mkataba wa pango wa duka hilo ili nafasi ile wapewe wafanyabiashara wa Gikomba, Nyamakima, Muthurwa na Eastleigh, maeneo ya biashara ya Nairobi. Duka likafungwa kwa muda, na wafanyabiashara wakaandamana. Baadaye likafunguliwa tena. Wateja wakarudi.

Ni rahisi kuwaita wateja hao wanafiki. Lakini mtu akiulizwa iwapo mfanyabiashara mdogo alindwe, hujibu kama raia: anamfikiria shangazi yake mwenye kibanda. Akiwa ameshika beseni, swali ni jingine kabisa: kile kinachobaki kitatosha unga? Tena anajua kwamba akisusa peke yake, hasara ni yake, na duka halitatikisika.

Kwenye kura, anayejibu ni raia. Aprili 2004, wapiga kura wa Inglewood, California, waliulizwa kama Walmart, lile duka kubwa la bei nafuu la Marekani, iruhusiwe kujenga bila kupitia taratibu za kawaida za mji. Kiasi cha asilimia 60 walikataa. Kura hailazimishi mtu kurudisha bidhaa aliyokwisha kuishika, na ikipita inamfunga kila mtu. Nairobi hapakuwa na kura. Palikuwa na foleni tu.

Na Nairobi kuna jambo linalotatiza zaidi: bidhaa nyingi za vibanda vya mjini nazo zinatoka China. Chukua chupa ya chai. Mwagizaji mdogo hununua katoni chache, akachangia kontena na wenzake, akamlipa wakala, akatoa mzigo bandarini Mombasa, akamuuzia wa jumla, naye akamuuzia mwenye duka mtaani. Kila mmoja anaongeza chake. Juu yake kuna pango la kibanda, na mara nyingine ile "goodwill", ada ya kupewa nafasi, inayolipwa hata kabla ya kufungua. Mwenye duka kubwa anaweza kununua kiwandani, kujaza kontena lake mwenyewe na kuuza rejareja chini ya paa moja. Ugomvi basi ulikuwa juu ya nani ale hapo katikati, na ndiyo maana wito wa uzalendo haukuwaingia wanunuzi wengi. Baadhi walijibu mitandaoni kwamba wamekamuliwa miaka mingi.

Kisha ile bei iliyobandikwa. Kibandani bei inaweza kutegemea umevaaje. Kwa anayejua kupatana, hiyo ni raha. Kwa mwenye haya, ni gharama. Nadhani wachambuzi hawakulipa jambo hili uzito wake.

Hata hivyo, hao wa katikati ni watu. Pesa yao inamlipa mwenye mkokoteni, inanunua chapati kibandani, inarudi shuleni kama karo. Duka la mtaani hukukopesha sukari hadi mwisho wa mwezi. Duka kubwa halikujui jina. Kwa hiyo mtu yule yule huenda Unicity Jumamosi akiwa na hela, na Jumanne usiku akabisha kwa jirani akiwa hana.

Waziri angeanza na gharama za bandarini na pango la vibanda mjini, angeigusa bei ya chupa ya chai. Kubadili mpangaji pale Unicity kusingeipunguza hata shilingi.