Jirani Asemapo Mungu Yumo Moyoni Mwake



Mwezi huu tumeonelea tuandike juu ya jambo ambalo wengi wetu hulizungumza vikaoni na kwenye simu, lakini wachache hulizungumza mbele ya watoto. Nalo ni hili: tumjibuje jirani yetu Mkristo, tena msema Kiswahili mwenzetu, anapotuambia kwa furaha kwamba ameokoka na kwamba Mungu anakaa ndani yake?

Lililotufanya tushike kalamu ni kisa kilichotokea katika mitaa ya magharibi ya jiji hili la Sydney, ambacho tuliitwa kukisuluhisha. Majina hatutayataja, kwani wahusika tunaishi nao. Mama mmoja wa Kiislamu, mzaliwa wa pwani yetu, hufanya zamu ya usiku katika nyumba ya kutunzia wazee. Mumewe naye hutoka alfajiri. Kwa muda wa miaka miwili watoto wao wawili wamekuwa wakilala kwa jirani wa ghorofa ya chini, mama wa Kikongo aliyekimbia vita vya Kivu. Huyo ndiye aliyewapikia uji, akawavusha barabara, akawauguza homa. Malipo alikataa, akisema ujirani haupimwi kwa dola.

Usiku mmoja, mtoto wa kike mwenye umri wa miaka tisa alimkuta yule mama akisali, machozi yakimtiririka. Akamwuliza analilia nini. Mama akamweleza mambo yake: jinsi alivyopoteza ndugu zake, jinsi alivyojaa chuki, na jinsi siku moja kambini alivyomkiri Yesu mbele ya watu, akahisi Mungu ameingia moyoni na chuki imetoka. Asubuhi mtoto alirudi nyumbani akamwuliza baba yake, "Baba, Mungu anakaa ndani ya mama wa chini. Mbona ndani yetu hakai?"

Baba alighadhibika. Watoto wakakatazwa kushuka ngazi. Mama mtu akakosa wa kumwachia watoto, akaomba ruhusa ya wiki nzima kazini, na akaambiwa kwamba ya pili haitapatikana. Jirani naye akajifungia ndani, akilia kwamba ameitwa mwizi wa watoto. Hapo ndipo tulipoitwa.

USHUHUDA NI NINI?

Kabla ya kuhukumu ni wajibu kufahamu. Maneno ya yule mama hakuyabuni yeye. Ni desturi yenye historia katika nchi zetu, nayo inaitwa ushuhuda.

Mwaka 1929, juu ya kilima cha Namirembe mjini Kampala, walikutana watu wawili: Simeoni Nsibambi, Mganda, na Joe Church, daktari Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi katika hospitali ya misheni ya Gahini, mashariki ya Rwanda. Wote wawili walikuwa wamechoshwa na Ukristo wa jina tu, wa mtu kubatizwa Jumapili na kudhulumu Jumatatu. Katika miaka ya 1930 mwamko ulienea kutoka Gahini hadi Uganda, Burundi, Kenya na Tanganyika. Wafuasi wake waliitwa kwa Kiganda Balokole, yaani waliookoka, na Kiswahili kikawaita walokole. Alama yao ilikuwa kusimama mbele ya watu na kuungama: nimeiba, nimezini, nimemchukia ndugu yangu. Wengi hawakuishia kwenye maneno, bali walirudisha walivyoviiba na kwenda kuwaomba radhi waliowakosea, Mwafrika kwa Mzungu na Mzungu kwa Mwafrika, jambo lililokuwa la ajabu katika zama za ukoloni.

Wala tusidhani kwamba Wakristo wenzao waliwapokea wote kwa mikono miwili. Mwaka 1941 wanafunzi 26 walifukuzwa katika chuo cha uchungaji cha Mukono, Uganda, kwa sababu ya msimamo wao wa kilokole. Wengi waliwaona wajeuri, wenye kuwahukumu wengine kuwa hawajaokoka. Lakini walijaribiwa na wakadumu. Katika vita vya Mau Mau nchini Kenya, vilivyoanza mwaka 1952, baadhi yao walikataa kula kiapo wakauawa, na papo hapo walikataa kuchukua bunduki za serikali.

Mmoja wao, Festo Kivengere, mzaliwa wa Kigezi, alipata kuwa mwalimu Dodoma katika miaka ya 1940, kisha akawa askofu. Mwezi wa Februari 1977, Askofu Mkuu Janani Luwum alipouawa chini ya utawala wa Idi Amin, Kivengere alikimbia Uganda. Akiwa uhamishoni aliandika kitabu ambacho jina lake lilisema kwamba anampenda Idi Amin, maana yake amemsamehe. Amin alijinasibisha na Uislamu. Ni haki tuseme wazi kwamba dhulma yake haikuwa dini yetu, na kwamba Waislamu pia waliuawa katika enzi yake. Lakini tukisikia kwamba mtu aliyeuliwa rafiki amemsamehe muuaji kwa sababu ya imani yake, adabu inatutaka tunyamaze kidogo kabla ya kubishana naye.

SYDNEY NA DODOMA

Huenda wengine wakashangaa kujua kwamba jiji tunaloishi lina mkono wake katika habari hii. George Chambers, aliyekuwa kasisi wa Dulwich Hill, mtaa ambao wengi wetu hupita kwa treni, na aliyeanzisha hapo shule ya Trinity Grammar mwaka 1913, ndiye aliyewekwa mwaka 1927 kuwa askofu wa kwanza wa Kianglikana wa Tanganyika ya Kati, makao yake Dodoma. Nyuma yake walikwenda walimu, wauguzi na madaktari wa Australia. Mmoja ni Daktari Paul White wa hapa Sydney, aliyehudumu Mvumi karibu na Dodoma kuanzia mwaka 1938, kisha akaandika vitabu vya watoto vilivyosomwa kote nchini humu. Kwa hiyo jirani wa Kiaustralia anapotuuliza kama tumeokoka, aghalabu hasemi jambo geni kwa Afrika Mashariki.

TULIPO KARIBU, NA TULIPO MBALI

Tutazame neno lenyewe. Ushuhuda, shahidi na shahada ni matunda ya mti mmoja wa Kiarabu. Mkristo wa Bara alipotaka kulitaja jambo kubwa kuliko yote katika dini yake, alikopa neno kutoka kwetu. Kadhalika imani, sala na toba. Ndiyo maana mtoto wa Kiislamu akimsikiliza mlokole huona kama anaisikia lugha ya nyumbani. Wepesi huo ni neema, lakini pia unateleza, kwa kuwa neno moja limebeba maana mbili.

Shahada yetu ni kukiri kwa ulimi na kusadiki kwa moyo kwamba hapana apasaye kuabudiwa ila Mwenyezi Mungu, na kwamba Muhammad, Mungu amrehemu na ampe amani, ni Mtume Wake. Ushuhuda wa mlokole ni kukiri kwamba Yesu ni Bwana, na kusimulia alivyomwokoa. Sisi twamheshimu Nabii Isa, mwana wa Maryamu, wala imani yetu haitimii bila ya kumwamini kuwa Mtume; lakini hatumwabudu. Hapa hapana daraja, na mwenye kujidai kwamba lipo anawadanganya wote wawili.

Anaposema kwamba Mungu anakaa ndani yake, mlokole anakusudia Roho Mtakatifu, ambaye kwake ni Mungu Mwenyewe. Mtume Paulo, katika nyaraka zake, aliufananisha mwili wa mwamini na hekalu. Sisi tunapolisoma jina la Ruhul Qudus katika Qurani, wafasiri walio wengi wamelifahamu kuwa ni Malaika Jibrili. Na maulamaa wetu wameikataa fikra ya Muumba kuingia katika kiumbe chake, ambayo wameiita hulul.

Je, ndiyo kusema kwamba Mungu wetu yu mbali? Hasha. Qurani inatufundisha kwamba Yeye yu karibu na mja kuliko mshipa wa shingo yake. Mtume alipoulizwa kuhusu ihsani alijibu kwamba ni kumwabudu Mungu kana kwamba unamwona. Wazee wetu walijua hayo kwa ladha, si kwa maneno tu. Sheikh Uways wa Barawa, aliyefariki mwaka 1909, ndiye aliyeieneza Qadiriyya Unguja na Mrima, na watu wakakesha katika dhikri hadi mioyo ikalainika na macho yakatoka machozi. Tofauti ni kwamba mja hubaki mja na Mola hubaki Mola. Anayekaa moyoni ni utajo Wake na nuru ya kumjua.

Tofauti nyingine ni katika kuungama. Sisi tumefundishwa kuzisitiri dhambi zetu na kutubu baina yetu na Mola wetu, bila ya kuzitangaza. Mlokole huona kwamba kuzificha ni kukaa gizani. Lakini katika haki za waja tunakutana: toba ya mwizi haitimii mpaka arudishe alichoiba, na ya mdhulumu mpaka aombe radhi. Juu ya hili sheikh na mlokole wangeweza kukaa mkeka mmoja.

TUSIJIBU KWA HASIRA

Kiswahili kimekwisha kuwa uwanja wa mabishano haya kwa muda mrefu. Mwaka 1923 Kasisi Godfrey Dale wa misheni ya Unguja alitoa tafsiri ya Qurani kwa Kiswahili, pamoja na maelezo ya kuwasaidia Wakristo kujadiliana nasi. Wanachuoni wetu hawakujibu kwa mawe. Walijibu kwa kalamu, na mwaka 1969 Sheikh Abdallah Saleh Farsy aliikamilisha tafsiri yake ambayo ingali majumbani mwetu. Huo ndio ushindani wa heshima.

Lakini tumeyaona pia ya kinyume. Mwezi wa Februari 1998, huko Mwembechai, Dar es Salaam, mahubiri yaliyolalamikiwa kwamba yanaikashifu imani ya Wakristo yalikwisha kwa polisi na risasi, na Waislamu wakauawa. Tusiyalete hayo katika ngazi za majumba yetu ya Sydney.

NA SHULENI JE?

Wazazi na wafahamu haki yao. Sheria ya Elimu ya New South Wales ya mwaka 1990 inaruhusu vipindi vya dini katika shule za serikali, na inampa mzazi haki ya kumtoa mwanawe katika kipindi asichokiridhia. Zipo shule zenye vipindi vya Kiislamu pia, pale anapopatikana mwalimu aliyeidhinishwa. Fomu zinapokuja nyumbani tuzisome, tuzijaze, tuzirudishe. Wengi wetu huziacha juu ya friji, kisha tunashangaa mtoto amekaa darasa gani.

KIKAO KILIVYOKWISHA

Turejee kwenye kisa chetu. Tulikaa sebuleni: baba, mama, yule jirani na sisi. Chai ilipoa kabla ya mtu kuinyanyua. Baba alisema, "Mwalimu, huyu amemhubiria mwanangu usiku, sisi hatupo." Jirani akajibu, "Baba, mutoto aliniuliza sababu ya machozi. Ningemudanganya?"

Tulimwambia jirani kwamba kulia kwake si kosa, na kusali kwake nyumbani kwake si kosa, lakini mtoto ni amana. Amana haibadilishwi umbo na aliyewekewa. Akiulizwa tena juu ya imani, amwambie mtoto akaulize kwao. Alitafakari, kisha akakubali, ila akasema hawezi kuahidi kwamba atamficha mtoto furaha yake. Tukaona ni jawabu la mtu mkweli, tukaliridhia.

Kisha tukamgeukia baba. Tukamwuliza, "Bwana, huyu mtoto anaijua Fatiha?" Akasema anaijua, na juzuu nzima ya Amma. Tukamwuliza, "Na ni nani aliyemweleza kwamba Mungu yu karibu naye?" Alikaa kimya muda mrefu. Mwishowe akasema, "Mimi nilimfundisha Mungu anaona makosa yake."

Ndugu wasomaji, hapo nasi tuliinamisha kichwa, kwani tumefundisha miaka mingi, na hatuna hakika kwamba tulifanya zaidi ya baba huyu. Tumewahifadhisha watoto maneno, tumewatia hofu ya moto, na mlango wa mapenzi tumeuacha wazi bila mlinzi. Mtoto hakuvutwa na Utatu, ambao hata haujui. Alivutwa na mtu mzima aliyesema na Mungu kama asemavyo na aliye chumbani.

Watoto wamerudi kulala kwa jirani. Baba hajatulia kabisa, na hatumlaumu. Lakini kila siku ya Jumamosi, baada ya Maghrib, huzima televisheni akakaa na mwanawe, akamsimulia usiku aliokwama baharini kati ya Pemba na Unguja, jinsi alivyoomba na jinsi kulivyopambazuka. Yule binti, tumeambiwa, hudai kisa hicho hicho kila wiki.

Nasi tunawaomba mfanye vivyo hivyo. Jirani akitoa ushuhuda wake, msikilizeni kwa adabu. Kisha rudini nyumbani, mkatoe wenu.

Wabillahi tawfiq.